Nimeitwa kulikata trekta hili la zamani, lakini kwanza nisaidieni: ni trekta gani?

MKATA VYUMA

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kuchomelea na kukata vyuma. Matrekta nayajua kwa kupishana nayo barabarani tu, kwa hiyo nikiita kifaa jina ambalo silo, nirekebisheni.

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniita nikamwondolee "dude" lililomzibia banda. Nikaenda na mitungi yangu miwili, nikavaa miwani, nikawasha tochi. Nilianza na boneti kwa sababu ndiyo nyepesi. Ilitoka bila ubishi, maana haikuwa boneti ya kiwandani hata kidogo. Ni bati limekunjwa na kuchomelewa na fundi mwenye haraka zake, mshono umejaa matone na mashimo. Kazi ya namna hiyo nikimwona mwanafunzi wangu anaifanya, anarudi kusaga pembe za madirisha mwezi mzima.

Boneti ilipotoka nikaona kilichokuwa chini yake, nikazima tochi.

Gari ukilivua bodi unabaki na chesisi, na injini imekaa juu yake. Hili halina chesisi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye sehemu ya nyuma inayobeba ekseli kubwa. Vyote vimeungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya kingine, kama uti wa mgongo. Na chuma chenyewe ni cha kusubu. Wenzangu wa tochi wanajua: chuma cha kusubu hakikatiki kwa gesi kama bamba la kawaida, kinayeyuka ovyo na kupasuka. Ukitaka kukimaliza unakivunja kwa nyundo kubwa. Nikajiona nimesimama na nyundo juu ya kitu ambacho hakina hata ufa mmoja. Mkono ukakataa. Nimemwomba mzee wiki mbili nijue ninachotaka kukivunja ni nini. Amekubali, ila kaniambia wiki mbili si mwezi.

Niliyoyaona ni haya.

Mbele kwenye lile bati la kubandika kuna beji ya Massey Ferguson, imefungwa kwa skrubu mbili za mbao. Skrubu za mbao kwenye bati! Rangi ya juu ni nyekundu. Nyekundu ikichubuka kuna bluu. Sijaenda chini zaidi.

Injini ina silinda nne na inatumia plagi. Kichwa cha injini kimeshafunguliwa zamani, kimo kwenye debe pembeni pamoja na nati, kiota cha panya na kabureta. Kwa hiyo pistoni zote nne naziona kwa macho, mbili juu mbili chini, zimeshika kutu lakini si ya kutisha.

Fimbo ya gia ni moja tu, imesimama katikati ya miguu ya dereva. Nimeichezea. Inaingia nafasi nne za mbele na ya kurudi nyuma, halafu kuna nafasi nyingine ambayo haishiki gia yoyote. Ukiisukuma huko unasikia kitu kinabonyea, ukiiachia inarudi yenyewe. Hii imeninyima usingizi.

Usukani haupeleki fimbo moja mbele kama magari. Kuna fimbo mbili ndefu, moja kila upande wa injini, kila moja inakwenda kwenye gurudumu lake.

Tangi la mafuta lina midomo miwili, yaani vifuniko viwili tofauti, kimoja cha sehemu kubwa na kingine cha sehemu ndogo. Nimepiga tangi kwa kifundo cha kidole: kuna ukuta ndani.

Nyuma kuna mikono miwili ya kubebea jembe, na juu yake katikati kuna springi nene iliyolala, inaingia ndani ya mwili wa trekta. Kulia kwa kiti kuna mkono mmoja mdogo unaopanda na kushuka kwenye kipande cha nusu duara.

Kibao cha namba hakuna. Kwenye dashibodi yametoboka matundu ya riveti na pamebaki alama ya mstatili ambako rangi ni tofauti. Mtu alikibandua.

Na kwenye kisanduku cha vifaa nimekuta spana moja bapa, ina mdomo huku na huku, na kwenye mpini imetiwa mistari kama rula. Nimeisafisha kidogo nikadhani ni mtoto aliichora kwa msumeno, lakini mistari iko sawasawa mno.

Ni nini hiki jamani?

KIJANA WA SHAMBA

Mkuu hiyo ni Massey Ferguson 35, tufunge mjadala. Beji ipo, nyekundu ipo. Nimekua juu ya 35, naijua hata gizani.

CHAPA KAZI

Bluu chini ya nyekundu? Fordson Dexta hiyo. Mtu kaipaka nyekundu ili aiuze kama Massey. Nimeshaona mbili za hivyo.

MZEE NATI

Vijana, taratibu. Beji ni skrubu mbili, na rangi ni kopo moja. Trekta hulitambui kwa vitu ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha Jumapili moja akiwa hana la kufanya. Unalitambua kwa vitu ambavyo kuvibadilisha kungemgharimu kuliko trekta lenyewe.

Chapa Kazi, Dexta ya kawaida ni dizeli ya silinda tatu. Mwenzetu ana silinda nne na plagi za cheche, ambazo dizeli haina. Dexta imekwisha, tuiweke kando.

Kijana wa Shamba, 35 uliyokulia ilikuwa na fimbo ngapi za gia? Mbili. Moja ya gia tatu, nyingine ya kuchagua nzito au nyepesi, ndiyo maana 35 ina mbele sita na nyuma mbili. Na kulia kwa kiti ilikuwa na mikono miwili ya hidroliki, si mmoja. Mwenzetu ana fimbo moja ya gia na mkono mmoja. Halafu 35 za dizeli ulizozizoea, zile zilizosambaa kila mahali, zina injini ya Perkins ya silinda tatu. Za silinda nne zilikuwepo pia, za petroli na za dizeli ya mwanzo iliyokuwa ngumu kuwaka asubuhi, lakini fimbo mbili za gia zinabaki palepale. Kwa hiyo si 35. Ila hukukosea ukoo, umekosea kizazi. Huyu ni baba yake.

Sasa Mkata Vyuma, sikiliza. Ile nafasi ya gia iliyokunyima usingizi ndiyo swichi ya kuwashia. Trekta hili haliwashwi kwa kitufe. Unaitoa gia, unasukuma fimbo ileile ya gia mpaka kwenye nafasi ya stata, inabonyeza swichi, injini inazunguka. Akili yake ni rahisi: huwezi kuwasha trekta likiwa kwenye gia, kwa sababu fimbo haiwezi kuwa mahali pawili. Wangapi wamekanyagwa na trekta walilowasha wakiwa wamesimama chini, gia imesahaulika ndani? Aliyebuni hivi alikuwa amefikiri.

Aliyebuni anaitwa Harry Ferguson. Nadhani, na nitakwambia la kufanya ili tuhakikishe, ulichonacho ni Ferguson TE20, ile inayoitwa kwa utani Fergie ndogo ya kijivu. Ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kiwanda cha Banner Lane, na kampuni ya magari ya Standard, kuanzia 1946 hadi 1956. Zilitoka zaidi ya laki tano. Kwa hiyo si kitu adimu, usije ukaota utajiri. Lakini karibu kila trekta unaloliona leo shambani limebeba kitu kutoka kwake.

Kitu hicho ni ile springi uliyoiona nyuma. Zamani plau ilivutwa kama mkokoteni. Ikigonga mzizi au jiwe, tairi za nyuma zinaendelea kusukuma huku plau imekwama, pua ya trekta inainuka, na linaweza kumpindukia dereva. Ferguson akaibeba plau kwa pointi tatu: mikono miwili chini na fimbo moja juu. Plau ikikutana na udongo mgumu, fimbo ya juu inasukumwa mbele, springi inabonyea, na mwendo huo mdogo unafungua valvu ya hidroliki. Mikono inainua plau kidogo, na uzito wake unahamia kwenye tairi za nyuma zipate kushika. Udongo ukilainika plau inashuka tena. Dereva hagusi kitu. Ndiyo sababu trekta jepesi lenye injini ndogo liliweza kuvuta kazi ya majitu.

Kwa nini nasema nadhani tu? Kwa sababu TE20 ina pacha. Mwaka 1938 Ferguson na Henry Ford walikubaliana kwa kupeana mikono, bila karatasi yoyote, na 1939 ikatoka Ford 9N yenye hidroliki ya Ferguson. Baada ya Vita Kuu ya Pili mjukuu wa Ford alijitoa kwenye makubaliano hayo, na 1947 wakatoa 8N bila Ferguson. Ferguson akawashtaki. Kesi ikaisha 1952, Ford wakalipa dola milioni 9.25. Hizo 9N, 8N na ndugu yao 2N zina sura ileile, fimbo mbili za usukani zilezile, mikono ileile ya nyuma. Mtu akikuonyesha kivuli chake ukutani huwezi kuzitenganisha.

Tutazitenganisha hivi. Chukua kile kichwa cha injini kwenye debe, ukigeuze. Kama ni bamba bapa lisilo na valvu ndani yake, ni Ford, kwa sababu valvu za Ford za aina hiyo ziko kwenye bloku, pembeni mwa silinda. Kama valvu zimo ndani ya kichwa, si Ford.

Kisha pima kipenyo cha silinda, kwa kalipa si kwa rula. Pima karibu na ukingo wa juu kabisa, ambapo ringi haifiki, maana hapo hapajalika. Za kwanza kabisa za Coventry zilikuwa na injini ya Continental kutoka Marekani, kipenyo karibu milimita 81. Baadaye Standard wakaweka injini yao wenyewe, kwanza ya 80, kisha ikapanuliwa kuwa 85. Matokeo yako yatatuambia mengi.

Pima pia unene wa ile shafti fupi yenye meno iliyochomoza nyuma, ya kuendeshea mashine. Zilizokuja baadaye, pamoja na 35, zina inchi moja na tatu kwa nane, yaani milimita 35. Fergie ya kijivu ni nyembamba, inchi moja na moja kwa nane, haifiki 29.

La mwisho, kwaruza rangi mahali ambapo brashi haifiki vizuri. Usikwaruze sehemu bapa. Tafuta ndani ya shimo la bolti au nyuma ya kanyagio.

Hiyo spana nimeiacha makusudi. Ipige mswaki wa waya uone kama kuna maandishi.

MAMA PLAU

Mzee Nati amemaliza karibu yote, ila mbona tangi amelipita? Mdogo wangu, mimi ninayo ya midomo miwili na bado inafanya kazi, kwa hiyo niamini: hiyo ni ya mafuta ya taa.

Sehemu ndogo ya tangi ni ya petroli. Sehemu kubwa ni ya mafuta ya taa. Unawasha kwa petroli, unaliacha trekta lipate moto sawasawa, ndipo unageuza bomba liende kwenye mafuta ya taa na kufanya kazi siku nzima. Kabla ya kuzima unarudi kwenye petroli dakika chache ili kabureta isafike, la sivyo kesho yake utazungusha mpaka betri ikate roho, kwa sababu mafuta ya taa hayawaki kwenye injini ya baridi. Mimi nililisahau hilo mara mbili tu maishani. Mara ya tatu mtu hasahau.

Angalia na bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini. Kwenye za mafuta ya taa, njia ya hewa inayoingia imekumbatiana na njia ya moshi unaotoka, ili joto la moshi liyageuze mafuta kuwa mvuke. Kama zimeshikana hivyo, basi unayo TE-D20. Herufi ya katikati ndiyo inayosema aina ya mafuta: A ni petroli, D ni mafuta ya taa, F ni dizeli. Kuna na H, kwa mafuta ya taa hafifu zaidi.

Ukija kuifufua, chungulia oili kila asubuhi. Mafuta ya taa ambayo hayakuungua hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili yangu ikianza kupanda badala ya kupungua najua si neema, ni mafuta yamechanganyika.

MZEE NATI

Mama Plau, sikulipita tangi, nililiruka. Tangi hufunguliwa kwa bolti chache, na watu huazimana matangi kama sufuria. Bomba la moshi ulilolitaja, hilo nakubali. Hilo ni ushahidi.

MAMA PLAU

Haya mzee, tumekubaliana kwenye bomba.

MKATA VYUMA

Shikamoo Mzee Nati, shikamoo Mama Plau. Nimerudi na kalipa ya kuazima na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Kichwa cha injini kwanza. Nimekigeuza. Valvu nane zimo ndani, nne kubwa na nne ndogo, moja imeganda wazi. Kwa hiyo Ford ameondoka.

Shafti ya nyuma: 28 na nusu. Nimepima mara tatu kwa sababu meno yamelika upande mmoja.

Silinda: ya kwanza 85 na kidogo, ya pili hivyohivyo, ya tatu kuna kutu siwezi kuapa, ya nne 85. Nilipima pale juu ulipofundisha, kuna kangazi kadogo ukipitisha ukucha unaukuta.

Upande wa kushoto wa bloku nimesugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, na pametokea namba iliyogongwa kwa mkono, haijanyooka. Inaanza na S na inaishia na E. Katikati tarakimu mbili sijaziona vizuri.

Njia ya hewa na ya moshi zimekumbatiana kama ndugu waliopotezana. Mama Plau umeshinda.

Rangi ndiyo imenifurahisha. Nimechomoa bolti moja ya kanyagio la breki, nikaingiza ncha ya kisu ndani ya shimo. Nyekundu haikufika mle. Bluu imefika ukingoni tu. Ndani kabisa ni kijivu, kijivu cha mvua, bado kinang'aa. Nimekitazama kwa tochi ya simu nikajisikia kama daktari wa masikio.

Na spana. Mzee, ulijua. Nimeisugua nusu saa. Kwenye mpini imeandikwa FERGUSON, herufi zimeinuka kutoka kwenye chuma chenyewe. Ile mistari ni inchi. Mdomo mdogo ni inchi kumi na moja kwa kumi na sita, mdomo mkubwa inchi moja na moja kwa kumi na sita. Nikazunguka nayo trekta zima. Ekseli ya mbele, mikono ya nyuma, fimbo za usukani: kila nati niliyodhani mkulima angehitaji kuifungua shambani, mdomo mmoja au mwingine unaiingia. Mimi nina sanduku la spana arobaini na bado kila siku inakosekana moja. Kwa nini ina rula?

MZEE NATI

Marahaba mwanangu.

Rula ni ya kupimia plau. Mkulima akifika shambani anapima kwa spana kina na upana wa mfereji, anarekebisha, na spana ileile inafunga nati. Ferguson hakuuza trekta tu. Aliuza trekta na zana zake kama kitu kimoja, na alitaka mtu mmoja asiye fundi aweze kufanya yote akiwa peke yake katikati ya shamba. Ukitaka kupanua nafasi ya magurudumu ya mbele, zile fimbo mbili za usukani zimepangwa ili uvute ekseli nje bila kurekebisha usukani tena. Spana moja, dakika chache. Ndiyo maana nilikwambia uisugue.

Lakini spana peke yake isingenitosha. Spana husafiri, hukaa kwenye mfuko wa koti la mtu, inakuta trekta lingine. Ila ikija pamoja na swichi ya kuwashia kwenye gia, mkono mmoja wa hidroliki, shafti ya 28 na nusu, valvu kichwani na kijivu ndani ya shimo la bolti, hapo sina swali tena. Ni TE20 ya Coventry. Kwa lile bomba la moshi, ni TE-D20.

Kuhusu injini. Namba ya S na E ni ya injini ya Standard ya trekta. Silinda za 85 zinatuambia si ya miaka ya mwanzo kabisa. Sikupi mwaka kamili kwa namba ya injini, kwa sababu injini za hizi zilibadilishwa sana, na mwaka wa trekta ulikuwa kwenye kibao alichokibandua yule bwana. Injini hii ni ndugu wa ile iliyowekwa kwenye magari ya Standard Vanguard na Triumph TR2, na mafundi walichukua pistoni za huku wakatia kule. Kwa hiyo vipuri havitakushinda.

Beji nayo si uongo mtupu. Ferguson aliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na kutoka hapo likazaliwa jina la Massey Ferguson. Aliyefunga beji alikuwa anajua ukoo, hakujua cheti cha kuzaliwa.

Sasa onyo, na hili ulisome mara mbili. USIZUNGUSHE KRENKI, ile shafti ya chini inayopandisha na kushusha pistoni. Nimekuona unavyopima silinda moja moja, najua kidole kinakuwasha. Silinda za injini hii ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayochomekwa kwenye bloku, zimezungukwa na maji, na zimekaa juu ya gaski nyembamba zenye umbo la namba nane kule chini. Kinachozibana ni kichwa cha injini. Kichwa hakipo. Ukizungusha krenki na pistoni zimeshika kutu, pistoni itapanda na slivu yake, gaski itaachia, na maji na uchafu wote wa miaka hiyo utashuka kwenye oili. Kabla ya kugusa chochote, zibane slivu kwa vipande vya bomba pamoja na washa na nati kwenye stadi zilezile za kichwa. Wewe ni mkata vyuma, hivyo vipande utavikata ukiwa umekaa. Kisha mimina mafuta mepesi juu ya kila pistoni, uache wiki.

KIJANA WA SHAMBA

Nimekubali. Lakini nilisema ukoo!

MZEE NATI

Ulisema ukoo. Na kwa kukupa moyo: mwaka 1958, tarehe 4 Januari, Edmund Hillary, yule mpanda milima wa Everest, alifika ncha ya kusini ya dunia akiendesha hizihizi za kijivu, zimevalishwa minyororo ya kutambaa kwenye theluji. Hizo nazo ungesema ni 35.

MKATA VYUMA

Ncha ya kusini na hili limeshindwa kutoka bandani.

Slivu nimezibana leo. Nimekata bomba la robo tatu vipande vinane, nikasawazisha ncha kwa grainda, nikaweka washa nene. Mafuta nimemimina. Sijazungusha kitu, mzee, naapa kwa mitungi yangu.

Nimekwenda pia kwa mwenye mali. Nikamweleza yote: Coventry, Ferguson, springi, spana yenye rula. Nikamwonyesha kijivu ndani ya shimo. Akachungulia kwa heshima kubwa, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa litaondoka lini?"

Nikamwambia nalinunua kwa uzito wa chuma, kama alivyotaka kuliuza. Akasema sawa, na nimwachie bati la boneti azibie mlango wa kuku.

Swali la mwisho basi. Tairi za nyuma zinashika upepo kwa saa chache, za mbele nimezibandika. Ninaweza kulivuta polepole mpaka karakana yangu, au nitaharibu giaboksi?

MZEE NATI

Vuta, lakini kwanza mambo manne. Gia iwe huru, na uhakikishe kwa kulisukuma kwa mkono uone magurudumu ya nyuma yanazunguka yote mawili. Breki za hizi huganda. Fungua kifuniko cha oili ya giaboksi: oili hiyo moja ndiyo inayolainisha gia, ndiyo ya nyuma, na ndiyo ya hidroliki. Kama ni nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage na uweke mpya hata kama ni ya kuvutia tu. Tia grisi bearingi za mbele. Na fungia mnyororo kwenye ekseli ya mbele, si kwenye zile fimbo za usukani, hata zikikukalia vizuri mkononi.

Mtu mmoja akae juu yake ashike usukani. Mwendo wa mtu anayetembea.

MKATA VYUMA

Oili ilikuwa maziwa kweli, lita nyingi. Nimeimwaga kwenye pipa, nimeweka mpya. Breki ya kushoto ilikuwa imeganda, nimeifungua kwa ule mdomo mkubwa wa spana. Mwanafunzi wangu ndiye atakayekaa juu, ameshaanza kujifanya Hillary.

Tunavuta Jumamosi alfajiri kabla magari hayajawa mengi.